Sentensi Aliyoiruka Nabalayo

Mtu akitaka kumjua Nabalayo vizuri, ampate akiwa kazini, kwenye kliniki moja ya orofa ya kwanza karibu na First Avenue, Eastleigh. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa nyumba za reli za Makongeni, wazazi wake watu wa Bungoma, anakaa kati ya daktari na mgonjwa, mikono juu ya magoti. Bila kupepesa macho anamwambia daktari, "Mimi nina mimba ya miezi minane na mtoto hajacheza tangu juzi." Dakika kumi baadaye amekuwa mzee wa miaka sabini: "Mimi nikienda kukojoa nasimama pale mpaka miguu inakufa ganzi, na hakuna kitu." Wagonjwa walioko kwenye benchi nje husikia yote, kwa sababu ukuta ni wa mbao, na hucheka mpaka wanashika mbavu. Nabalayo hacheki. Yeye ni mkalimani, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na minne.

Kazi alifundishwa na bwana mmoja aitwaye Opicho, aliyezeekea kwenye mahojiano ya wakimbizi. Opicho hakuwa na vitabu. Alikuwa na masharti. Anayesema mimi, nawe useme mimi. Ukianza kusema "anadai kwamba", umejitia katikati yao, na hakuna aliyekuja kuongea na wewe. Akitukana, tukana. Akinyamaza, nyamaza. Na lolote linalosemwa chumbani, hata kama ni upuuzi, lazima livuke upande wa pili, maana si kazi yako kuchagua kipi kina maana.

Lugha yenyewe alikuwa nayo tangu utotoni. Mama yake, Beldina, alikuwa akiuza mboga Eastleigh, managu na kunde na mrenda, na kila asubuhi walitembea kutoka Makongeni kupitia Shauri Moyo na Pumwani, mama na gunia kichwani, mtoto akiwa ameshika upindo wa leso. Jua likizidi, Beldina alimwacha mtoto kwa mteja wake mmoja, Shamso, mke wa mwenye duka la vitambaa. Shamso wakati huo hakuwa na mtoto wa kike. Alimwosha, akamlisha, akamsuka, na kila alichofanya alikifanya kwa Kisomali. Nabalayo akaanza kumwita Hooyo kama watoto wengine wa nyumba ile wanavyomwita mama yao, na Beldina hakuona wivu. Alisema tu kwamba mtoto mwenye mama wawili hatalala njaa. Makongeni wenzake walimtania, Msomali wa Bungoma, mwenye ngamia wa kukopa. Alizoea.

Kisha kuna habari ya Shiundu, mdogo wake wa mwisho. Shiundu alikuwa mwanajeshi, fundi wa magari. Alijisifu kwamba tangu aajiriwe hajapiga risasi hata moja, ila amelala chini ya malori mengi kuliko alivyolala kitandani. Miaka minne iliyopita lori alilokuwamo lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, ng'ambo ya mpaka, upande wa Somalia, na nyumbani kwao likaletwa jeneza walilokatazwa kulifungua.

Kwa miezi mitatu Nabalayo hakukanyaga Eastleigh. Si kwamba aliwachukia Wasomali. Hilo alimwambia kila aliyemuuliza, na lilikuwa kweli. Shida ni kwamba kila aliposikia lugha ile, hata kwa mtu anayeuliza bei ya nyanya, aligeuka akarudi alikotoka. Ni Shamso aliyemrudisha. Alikuwa amekuja kwenye matanga na wanawake wawili, wamebeba sufuria za wali na nyama ya mbuzi, na mlevi mmoja pale nje akauliza kwa sauti kama hawa nao wamekuja kuhakikisha kazi yao. Shamso anaelewa Kiswahili vizuri sana. Aliendelea kupakua mpaka zamu ya mlevi ikafika, akampakulia kama wengine. Baadaye akarudi mara ya pili, na ya tatu, akawa anakaa tu kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa Nabalayo bila kusema lolote, mpaka siku Nabalayo mwenyewe alipoanza kuongea, na alipoanza akajikuta anaongea Kisomali.

Jambo moja tu Shamso alilificha. Ndugu yake, Jimale, alipofika Nairobi miaka miwili iliyopita kutoka kijiji chao cha kusini mwa Somalia, hakumwambia kwamba yule Mluhya anayeingia jikoni bila kubisha hodi alikuwa na ndugu aliyevaa sare. Jimale alikuja na maumivu yake, na Shamso aliona nyumba moja haiwezi kubeba yote mawili kwa pamoja. Nabalayo alikubali. Akawa anamwita Abti, mjomba, na kumletea dawa zake za presha kutoka kliniki.

Maumivu ya Jimale yalikuwa na jina: Abdimajid, mwanawe, fundi wa pampu za visima. Siku moja Abdimajid na wenzake watatu walikuwa wanapeleka mabomba ya maji kwenye kijiji cha jirani, mabomba marefu ya chuma, wameyalaza juu ya pikapu. Ndege isiyo na rubani ikawapiga. Redio ilisema wapiganaji wanne wameuawa. Jimale alisikia habari hiyo akiwa ameshika kiatu cha mwanawe. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, na aliwaambia watu wote, hata mwenye duka la dawa: jina la mwanawe litolewe kwenye ile hesabu ya wapiganaji.

Kwa hiyo Chege, kijana wa shirika moja linaloshughulika na amani, alipopiga simu kusema kuna mgeni kutoka nchi ambako ndege zile zilitoka, nyumba nzima ilisimama. Mgeni huyo alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye chumba kisicho na dirisha, huko kwao, akitazama nchi za watu kwenye skrini. Aliacha kazi. Sasa anazunguka kukusanya ushahidi wa jamaa za waliouawa, aupeleke mbele ya kamati ya bunge lao. Ushahidi lazima uandikwe, usomewe mwenyewe kwa lugha yake, atie kidole, na mkalimani atie sahihi kwamba ametafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Jimale alikubali kwa sharti moja: mkalimani awe Nabalayo. Mwingine hamwamini.

Mgeni alikuja nyumbani kwa Shamso siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Mwembamba, nywele zimemtangulia kuwa mvi, akavua viatu mlangoni jinsi Chege alivyomwelekeza. Wakaketi kwenye zulia, yeye upande wa dirisha, Jimale upande wa ukuta, Nabalayo kati yao. Shamso alimtazama mgeni kutoka chini kwenda juu, kisha akanong'ona jambo kwa Kisomali. Mgeni akauliza mama amesema nini.

Nabalayo hakusita. "Naona kidole chako kimetoka nje ya soksi," alimwambia kwa Kiingereza. "Mke wako hajui kushona?"

Shamso alijifunika uso kwa mtandio. Mgeni akakitazama kidole chake, akasema mke amemwacha na amebaki na soksi, na hilo nalo Nabalayo akalivusha. Jimale akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Chai ya iliki ikaletwa, na kinasa sauti kikawekwa katikati ya zulia.

Mgeni ndiye aliyetangulia kuongea. Alisema hataki kuuliza maswali kabla ya kueleza yeye ni nani. Alipokuwa na miaka kumi na saba bomu lililipuka kwenye treni ya mji wao, na dada ya rafiki yake, msichana aliyemfundisha kucheza gitaa, akafa pale. Waliotega walisema wamefanya kwa ajili ya dini na kwa ajili ya Waislamu wanaouawa. Basi akaingia jeshini akiamini kwamba kila anapokaa mbele ya ile skrini anazuia treni nyingine isilipuke. Nabalayo aliyasema hayo yote kwa Kisomali, mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mimi niliamini, na sauti yake haikutetemeka.

Jimale alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Hiyo treni ilipita kwetu?"

"Hapana," mgeni alijibu.

"Waliotega bomu walitoka kijijini kwetu?"

"Hapana. Walizaliwa mji uleule niliozaliwa mimi."

"Basi nieleze, ulitokaje kwenye treni ukafika kwa mwanangu?"

Mgeni alikaa kimya muda mrefu, na Nabalayo naye akakaa kimya, kama alivyofundishwa. Mwishowe mgeni akasema hajui. Akasema kutoka juu sana hakuna Msomali wala Mwarabu wala fundi, kuna vivuli. Kivuli kikibeba kitu kirefu, kuna watu wa kuamua, na wanaamua. Hajui kama siku ya Abdimajid yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Walikuwa wengi, wanapokezana. Ndiyo sababu amekuja.

Ikawa zamu ya Jimale. Alieleza yote, polepole, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yake gizani na anajua kila kiti kilipo. Upana wa mabomba, inchi nne. Jina la mwenye pikapu. Jinsi walivyozika kabla ya alasiri, na jinsi yeye mwenyewe alivyorudi barabarani kesho yake kutafuta spana za mwanawe, akazipata mbili. Nabalayo aliyavusha yote. Mimi nilizika. Mimi nilitafuta spana. Mgeni alikuwa anaandika na kufuta macho kwa mgongo wa mkono.

Ndipo Jimale akasema maneno ambayo hakuna aliyemuuliza.

Alisema: baada ya mazishi hakulala. Siku arobaini hakupata usingizi, akifumba macho anaisikia ile sauti ya juu kama nyuki. Kisha ikaja habari kwamba gari la wanajeshi wa Kenya limelipuliwa kwenye barabara ileile, na waliokuwamo wamekufa. Wanajeshi hao walikuwa upande mmoja na ndege. "Siku hiyo nilifurahi," alisema. "Nilimshukuru Mungu, nikaenda nikalala, nikalala mpaka adhuhuri."

Nabalayo alifanya hesabu haraka kuliko alivyotaka. Gari hilo lilikuwa la mwaka mmoja baada ya Shiundu. Halikuwa lori la Shiundu. Alijua. Lakini alipofungua kinywa kuanza na lile neno, mimi, kwamba mimi nilifurahi, taya zilimgoma. Akaona kiti cha plastiki mlangoni mwake. Akaona jeneza. Na kinywa chake, ambacho kwa miaka kumi na minne hakijawahi kumwibia mtu hata neno, kikasema kwa Kiingereza, "Siku hiyo niliwahuzunikia pia wanajeshi waliokufa."

Sentensi moja tu, imevuka ikiwa kitu kingine.

Mgeni aliacha kuandika. Akamtazama Jimale kana kwamba amefunguliwa mlango. Akasema hajawahi, katika watu wote aliowahoji, kusikia neno kama hilo, na anamshukuru kwa moyo mkubwa, kwamba mtu aliyetendewa vile anaweza kuwalilia watu wa upande wa pili. Jimale akamgeukia Nabalayo, anangoja. Na sasa Nabalayo hakuwa na njia, kwa sababu akiivusha shukrani hiyo kama ilivyo, mzee atauliza anashukuriwa nini. Akasema, "Anakupa pole, Abti." Ya pili hiyo. Ya kwanza iliizaa ya pili papo hapo.

Wakaagana. Chege akasema ushahidi utachapwa, na Alhamisi watarudi kuusoma na kuutia sahihi, maana mgeni ana ndege Ijumaa.

Shamso alimsindikiza Nabalayo mpaka chini ya ngazi, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya magoti. Pale chini mashuka ya jumla yalikuwa yanapakuliwa kutoka kwenye gari, wapagazi wanapiga kelele, na wawili hao walisimama kando ya mabunda.

"Mimi Kiingereza sijui," Shamso alisema. "Lakini nimekunywesha maziwa kwa mkono huu. Jimale alisema maneno mengi, wewe ukasema machache, halafu ukameza mate. Ulimeza nini?"

Nabalayo akamweleza. Shamso aliegemea bunda la mashuka. Alianza kusema labda ni heri, labda Mungu ndiye aliyemfunga kinywa, kwamba Jimale ni mzee na maneno yale si ya kupeleka mbele za watu. Akajikatiza mwenyewe. Akauliza kama mgeni atakwenda kuwasomea watu wa bunge kwamba Jimale aliwalilia wanajeshi. Nabalayo akasema ndiyo. Shamso akatikisa kichwa, akapanda ngazi polepole, ameshika ukuta.

Siku mbili hizo Nabalayo alizipitisha kama mgonjwa. Alikwenda Makongeni kumwona mama yake, wakachambua kunde pamoja, na alimwambia Beldina yote. Alitaka kuambiwa kwamba hakufanya kosa. Beldina, ambaye ndiye aliyemzaa Shiundu, aliendelea kuchambua. Akauliza huyo mzee mtoto wake alikuwa na miaka mingapi. Thelathini na moja, Nabalayo alijibu. Shiundu alikuwa na thelathini na tatu.

"Mimi nilifurahi pia," Beldina akasema.

Nabalayo akamwuliza alifurahi lini.

"Wakati redio ilisema ndege zimewapiga watu kule. Baada ya Shiundu. Sikuuliza ni akina nani. Nilikuwa hapahapa nachambua mboga, nikasema asante Yesu." Akapuliza maganda kutoka mkononi. "Sasa wewe nani alikuambia uwe unatutengenezea mioyo?"

Nabalayo alipotoka pale, akavuka Jogoo Road, hakuwa tena anajiuliza kama afanye au asifanye. Alikuwa anaogopa tu. Aliona wazi kitakachotokea. Akilisema lile neno, atapoteza kazi, maana habari ya mkalimani aliyepindisha ushahidi itafika kliniki na kila mahali kabla ya Jumapili. Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni ile nyumba. Jimale akishajua kuna sare kwenye ukoo wa Nabalayo, na kwamba amefichwa miaka miwili, Nabalayo ataweza kweli kuendelea kuingia jikoni kwa Hooyo bila hodi? Na akinyamaza, mzee atapelekwa mbele ya wakubwa wa nchi ya mbali akiwa mtu mwingine, mtu mzuri wa kubuniwa, na siku jambo lolote litakapobainika kuwa si kweli, hata yale mabomba ya inchi nne hayataaminiwa. Jina la Abdimajid litabaki palepale lilipo.

Alhamisi walikaa kama walivyokaa. Chege alitoa karatasi nne zilizochapwa. Sentensi yenyewe ilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, juu, peke yake, kwa sababu mgeni alitaka kuanza nayo. Akaipigia na mstari.

Nabalayo akaanza kusoma kwa Kisomali kile kilichoandikwa, bila kupunguza. "Niliwahuzunikia pia wanajeshi waliokufa."

Jimale akainua mkono. "Hayo ya nani?"

"Yameandikwa kama yako, Abti."

"Mimi sikusema hivyo."

"Hukusema. Ni mimi niliyeyasema."

Mzee hakuelewa mara moja. Alimtazama dada yake, na Shamso akatazama zulia. Nabalayo akamgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba sentensi ile ni yake yeye mkalimani, si ya shahidi, na kwamba sasa hivi ataongea kwa niaba yake mwenyewe, na kila atakachosema atakisema mara mbili, ili kila mmoja asikie. Chege alianza kusema jambo kuhusu utaratibu. Mgeni akamzuia.

Nabalayo akawaeleza. Kwamba alikuwa na ndugu, jina lake Shiundu, fundi wa malori ya jeshi la Kenya. Kwamba alikufa barabarani, ng'ambo, mwaka mmoja kabla ya gari lile. Kwamba si gari lile. Kwamba alipotakiwa kusema mimi nilifurahi, alishindwa. Alisema kwa Kisomali, akasema kwa Kiingereza.

Kisha akaifanya kazi aliyoiacha Jumanne. Akamtazama mgeni. "Siku arobaini sikulala. Kisha nikasikia gari la wanajeshi wa Kenya limelipuliwa. Siku hiyo nilifurahi. Nilimshukuru Mungu, nikaenda nikalala, nikalala mpaka adhuhuri."

Mgeni aliweka kalamu chini. Ule mlango uliokuwa umefunguka usoni mwake Jumanne ulijifunga, na watu wote waliuona ukijifunga. Halafu akasema, na Nabalayo akawa anamfuata neno kwa neno, kwamba naye kuna kitu hakukisema Jumanne, kwa sababu baada ya kusamehewa aliona hakina haja tena.

"Kila ndege ilipolenga vizuri, tulipiga makofi," Nabalayo alisema kwa Kisomali. "Chumba kizima. Nami nilipiga. Mmoja wetu alikuwa analeta keki. Nilikula hiyo keki nikimfikiria yule msichana wa gitaa, nikaona nimemlipia kisasi."

Jimale aliyapokea bila kusogea. Nabalayo alikuwa amesema furaha ya mmoja na makofi ya mwingine kwa ulimi mmoja, na ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa.

"Huyu sasa ndiye naona ninaongea naye," mzee akasema mwishowe. "Yule wa juzi alikuwa analia tu." Nabalayo akalivusha.

Kisha Jimale akamgeukia Nabalayo. Hakumwita mtoto, hakumwita kwa jina. Alimwuliza Shiundu alizikwa wapi. Bungoma, kwa babu yake, Nabalayo alijibu. Akauliza kama mama yake yu hai. Yu hai. Akamwuliza dada yake, bila ukali, ni kwa nini alifichwa, na Shamso akasema aliogopa. Jimale akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na hana la kubishana.

"Neno langu sitalirudisha," alimwambia Nabalayo. "Nililisema na ni la kweli. Siku ile nilifurahi. Ukitaka niseme sikufurahi, nitakuwa nakudanganya, nawe umeshachoka na uongo."

"Sijataka ulirudishe, Abti."

"Lakini sikuwa najua kwamba waliokuwa ndani ya lile gari wana watu." Akasita, akalitafuta neno. "Nilijua. Sikuwa nimewaona."

Mgeni akauliza kama mzee angependa ile sehemu iondolewe kabisa, maana haihusu mabomba wala pikapu, na huko kwenye kamati wapo watakaoishika na kusema, mnaona, ndivyo walivyo. Lilikuwa swali la haki, na Nabalayo alilivusha kwa makini kuliko yote ya siku hiyo. Aliona hatari yake: mzee akiiacha, inaweza kumgharimu kile alichokitaka. Chege naye akasema itolewe.

Jimale alifikiri. Akasema wakiiona wataijua ni sauti ya mtu. Mzee asiyekasirika aliyepigiwa mwanawe kama nzi, nani atamwamini kwamba hata mwana alikuwa naye? Iandikwe. Lakini isiwe juu. Iwekwe pale ilipotokea, baada ya mazishi, baada ya spana. Akasema pia, kama karatasi ina nafasi, iandikwe kwamba mkalimani ni dada ya mwanajeshi aliyekufa, na kwamba yeye Jimale amejua hivyo na bado amemtaka atafsiri.

Chege akasema fomu haina sehemu kama hiyo. Mgeni akachukua karatasi ya mwisho, akaandika kwa mkono wake chini ya mahali pa sahihi ya mkalimani, mistari mitatu, akampa Nabalayo aisome.

Lakini Jimale hakutaka kutia kidole bado. Alitaka asomewe yote upya, tangu mwanzo, kwa sababu karatasi iliyokutwa na kosa moja inaweza kuwa na mengine. Hakulisema kwa kumchoma. Alikuwa anaongea kama mtu anayekagua pampu. Nabalayo akanywa maji, akaanza. Upana wa mabomba. Jina la mwenye pikapu. Kiatu. Mazishi kabla ya alasiri. Spana mbili. Alipofika mahali pale hakupunguza sauti wala kuharakisha, na mzee, aliyekuwa amefumba macho anasikiliza maneno yake mwenyewe, aliyafumbua akamtazama mpaka sentensi ikaisha.

Akanyoosha kidole gumba, Shamso akamsogezea wino.